UZI: Kila Desemba sisi ni Lamu tu. Karibuni mnishambulie kwa utaratibu

Mwalimu wa Raskazone

Wadau, habari za muda huu.

Kwenye ule uzi wa likizo za mwisho wa mwaka niliandika kwamba familia yangu, shule zikifungwa, tunavuka mpaka wa Horohoro kwenda Lamu, Kenya. Mji uleule, mtaa uleule, nyumba ileile, mwaka hadi mwaka. Nikachambwa kweli kweli. Mmoja akasema dunia ni kubwa, mwingine akauliza kama nimeoa huko kwa siri. Nimeona nifungue uzi wake ili tusiendelee kuharibu uzi wa watu.

Nianze na njia, maana wengi humu wanadhani Lamu ni ya kufikwa kwa ndege tu. Sisi watu wa Tanga tunadamka na basi la Mombasa. Hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, mnagongewa mihuri, mnaingia Lungalunga, mnapita Msambweni na Ukunda, mnashukia Likoni. Pale mnajichomeka kwenye feri na umati wa watu, bure kwa mwenye miguu yake. Usiku tunalala Mombasa kwa ndugu. Alfajiri ya pili ni basi la Lamu: Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe ambako bara linaishia. Zamani kipande cha kuanzia Garsen kilikuwa vumbi na mashimo, na mvua ikishika mnalala njiani na njaa yenu. Siku hizi ni lami. Vizuizi vya askari vipo: mnashuka, mnapanga mstari, vitambulisho mkononi, mnapanda tena. Mtanzania, pasipoti yako ikae mfukoni. Ukiiacha kwenye begi lililo kwenye buti utachelewesha basi zima na watu watakununia mpaka Mokowe.

Kutoka Mokowe ni boti, safari fupi, maji yakikurukia usoni. Halafu unauona mji umejipanga kando ya bahari, nyumba nyeupe zimebanana.

Safari ya kwanza tulifanya yote ambayo mgeni hufanya. Tuliingia Ngome pale Mkunguni, ambayo ilikuwa jela mpaka 1984. Tulikwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, na nahodha akatuweka roho juu kwa sababu mkondo wa mikoko unapitika maji yakiwa yamejaa tu. Mkichelewa, mashua inakaa juu ya tope na nyinyi ndani yake. Tulitembea kwa miguu hadi Shela tukapanda vilima vya mchanga. Tulipiga picha na kila punda aliyekubali kusimama. Safari iliyofuata tulirudia nusu ya hayo. Zile za baadaye hatukurudia chochote, na hapo ndipo penyewe pa mada yangu.

Siku hizi tukifika Lamu hatuna ratiba. Tunakaa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani yenye kuta nene kiasi kwamba saa nane mchana, jua la kaskazi likichoma nje, ndani unatafuta shuka. Jirani wa mlango wa pili ni mzee anayeshona kofia. Anakaa kwenye daka la mlango wake, kitambaa cheupe kimechorwa maua kwa penseli, anatoboa tundu moja, analizungushia nyuzi mpaka linakuwa jicho dogo gumu kama punje ya mtama, anahamia la pili. Kofia moja inaweza kumla miezi. Ananiuliza habari za Tanga bila kuinua macho, nami namjibu, na mwaka huo huo nikimaliza likizo kofia bado haijaisha. Mwaka unaofuata namkuta na nyingine, huniambia ile ya zamani ilivaliwa na nani siku ya arusi gani.

Mwenye nyumba wetu huanza kunitumia orodha tangu Oktoba. Anataka iliki na pilipili manga za Amani, milimani kwetu Tanga, anasema za dukani kwao hazina harufu. Mimi pia nina orodha yangu: embe ngowe ziachwe mtini mpaka tufike, na godoro la chumba cha watoto lianikwe juani.

Mwaka mmoja tulifika siku ya tatu ya msiba wa jirani. Mipango yote ikafa. Mke wangu akaingia ndani kwa wanawake, mimi nikakaa barazani na wanaume, tukasoma hitima, tukala, kesho yake tukarudi tena. Watoto walinuna kwa sababu waliahidiwa kuogelea. Mkiniuliza ni likizo gani naikumbuka vizuri kuliko zote, ni hiyo. Mtalii msiba ukitokea hupitishwa njia ya pembeni asisumbuke. Sisi tuliulizwa mbona tumechelewa.

Gharama sizifichi. Unatumia shilingi ya Kenya, ukiizidisha kwa ishirini hivi ndipo roho inakuruka. Desemba ndiyo bei zinapanda, na Shela inajaa watu wa Nairobi na Wazungu, huko hatusogei. Tunapanga nyumba, tunapika wenyewe, jioni tunanunua bajia na mishkaki, tunashushia ukwaju. Haya, shambulieni.

Nauli Nusu

Mkuu nimesoma yote mpaka nimechoka kwa niaba ya miguu yako. Siku mbili njiani kwenda, siku mbili kurudi, ukague kofia ya mzee haijaisha?

Kwa hela hiyo unazunguka Kigali, Kampala na Bujumbura ukabaki na chenji. Mtu unafika uzeeni ukiulizwa ulitembea wapi unataja mtaa mmoja. Tena mtaa ambao ukitoka hapo Tanga ukaenda Pangani unakuta nyumba za mawe, bahari, samaki, Waswahili, na hakuna wa kukugongea muhuri.

Chumvi Kali

Nimeweka kigoda. Mkuu picha ziko wapi? Uzi wa safari bila picha ni hadithi ya bibi.

Mwalimu wa Raskazone

Chumvi Kali, picha za nyumba za watu siweki. Za punda zimejaa mtandaoni.

Nauli Nusu, Pangani naipenda na ni saa moja na nusu kutoka kwangu. Shida ya Pangani ni kwamba mkuu wa shule ananipigia simu na anajua naweza kurudi kesho.

Mtoto wa Langoni

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Amu kwenyewe, ndivyo tunavyoiita Lamu, nimezaliwa mtaa wa Langoni. Mwalimu karibu siku zote, ila nikukosoe: Desemba unaiona Amu ya wageni. Amu yenyewe ni wakati wa Maulidi.

Wasiojua, Maulidi ya Amu hufanywa mwishoni mwa Mfungo Sita pale msikiti wa Riyadha. Ni mila iliyoasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, Komoro, akaishi na kufia Amu mwaka 1935, na mpaka leo siku ya ziara watu huenda kaburini kwake kwa maandamano, matwari mbele, wanafunzi wa vyuo nyuma yao kwa makundi. Wanakuja Wangazija, Wabajuni, watu wa Unguja, watu wa Mombasa, na nyinyi watu wa Tanga hamkosi. Nyumba zinajaa, watu wanalala misikitini na kwenye mabaraza, kila nyumba sufuria halishuki jikoni. Mashindano ya punda yapo, ya majahazi yapo, watoto wanashindana kuogelea. Uwanja wa Riyadha wanaume wanacheza goma na kirumbizi mpaka usiku mkubwa.

Kuna mtu wa Moroni hufikia kwetu kila Maulidi tangu marehemu baba yangu yuko hai. Hakuna anayemwita mgeni. Akifika anaulizwa kwanza kama amekula, halafu anapewa kisu na kitunguu.

Nyingine ni hii. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliwekewa amri ya kutotoka usiku. Saa kumi na mbili na nusu jioni muyi, yaani mji, kimya. Wavuvi wakakatazwa kwenda baharini usiku, na mvuvi wa Amu anategemea usiku. Balozi za Ulaya zikawaambia watu wao wasije. Hoteli zikafunga, mabaharia wa mashua za watalii wakauza injini zao. Mwaka ule kila aliyekuja tulimjua kwa uso. Wapo waliokuwa wakija miaka yote na picha nyingi, wakapotea wakarudi mambo yalipotulia, tukawakaribisha, ubaya haukuwapo. Lakini waliokuja mwaka ule wanakaa kwenye hesabu nyingine.

Na hili la pikipiki nalisema hapa ili mnaorudi mwaka huu msishtuke. Zimeingia, na vichochoro vile vilijengewa punda na binadamu wawili wapishane. Watoto wetu sasa wanaambiwa wakae ukutani.

Mwalimu wa Raskazone

Wa aleikum salaam ndugu yangu. La Maulidi nalikubali, tatizo ni kalenda ya wizara, shule haifungwi kwa mwezi wa kiislamu. Imepata kuangukia Desemba zamani, na itaangukia tena nikiwa nimestaafu.

Pikipiki nimeziona zikiongezeka mwaka baada ya mwaka. Na tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe Mei 2021 kule Kililana, mazungumzo ya barazani yamebadilika. Zamani ilikuwa samaki na siasa. Sasa ni ardhi: nani kauza, nani kalipwa fidia, nani hajalipwa. Mgeni wa wiki moja hayasikii hayo, anaona mashua na machweo. Ninaporudi nasikia mwendelezo, kama redio niliyoiacha imewashwa. Mengine natamani nisingeyasikia.

Dada wa Muscat

Naomba kuingilia kidogo. Sisi kila mwaka tunakwenda Unguja, Julai, joto la Muscat likipita nyuzi 40 na watoto wamefungiwa ndani na viyoyozi. Wazazi wangu walizaliwa Vuga. Mimi nimezaliwa huku. Watoto wangu wanasema tunakwenda likizo, mama yangu anasema tunakwenda nyumbani, na ofisa wa uwanja wa ndege anatuambia sisi ni wageni kutoka nje, kwa hiyo na ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 tunailipa, kichwa kwa kichwa, nyanya yao na Kiswahili chake cha mjini Unguja akiwamo kwenye foleni.

Mama huwa na njia yake ya kupita siku ya kwanza. Haendi ufukweni. Anatoka Vuga kwa miguu mpaka Forodhani, anagusa milango. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Masultani, ilipoanguka sehemu yake ya mbele Desemba 2020 tulimficha habari siku mbili, halafu akapigiwa simu na shoga yake wa Malindi ya Unguja na kwikwi juu. Alipokwenda tena alisimama mbele ya mabati akalaumu mvua, serikali, Waingereza na Masultani, kwa zamu. Halafu akataka urojo.

Nauli Nusu, watoto wangu pia wanauliza kwa nini tusiende Salala kwenye mvua za huko kama rafiki zao wa shule. Tumewapeleka. Siku ya tatu wanauliza wale binamu zao wa Jambiani wanafanya nini saa hizi.

Nauli Nusu

Dada yangu wewe una sababu, una damu huko. Mwalimu ana damu gani Lamu? Iliki?

Mhudumu wa Watamu

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa niseme kutoka upande wa pili wa meza. Mimi ni Mgiriama wa Gede, nimehudumu hoteli za ufuoni karibu maisha yangu yote ya kazi. Wanaorudi kila mwaka ndio mkate wetu.

Kwetu wanaorudi zaidi ni Wataliano. Watu wanafikiri waliletwa na mchanga mweupe. Walianza kufika kwa roketi. Miaka ya sitini Italia ilijenga kituo cha San Marco baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, karibu na ikweta, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lile. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, Wamarekani waliitumia kurusha yao wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Mainjinia wakaleta wake, wake wakaleta dada zao, mmoja akanunua kiwanja, mwingine akafungua mkahawa. Leo Malindi muuza madafu anakupangia bei kwa Kitaliano safi na hajawahi kukaa darasani.

Sasa mgeni wa kurudi namna alivyo. Anataka chumba kilekile. Akipewa kingine, hata kama ni kizuri zaidi, anakaa na uso wa mtu aliyeibiwa. Anataka meza ileile. Anataka mimi, na kama niko mapumziko anauliza kama nimefukuzwa. Ananiletea viatu vya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Kuna mama mmoja mzee, tangu mumewe afariki anakuja peke yake, na bado tunaweka vikombe viwili asubuhi kwa sababu siku tuliyoweka kimoja alilia. Huyo simuiti mteja.

Lakini Mwalimu, wewe umesema nyumba ileile na watu walewale, nami nataka nikuulize unawajua watu hao wa Aprili, Mei na Juni? Mgeni wa kurudi anatujua Desemba. Tumenyoa, sare imepigwa pasi, tunacheka. Mvua kubwa zikianza na kusi likavuma, mwani unajaa ufuoni, hoteli inafungwa. Wengi wetu hatulipwi kitu. Mimi Mei naparura shamba la mahindi Gede na simu yangu haina salio. Hakuna anayerudi Mei. Ninyi mnarudi kila mwaka, kweli, ila mnarudia mwezi mmoja tu wa mwaka wetu. Na mkiacha kuja hamuagi. Tunamaliza msimu tukijiuliza kama fulani ni mgonjwa au kapata pengine pazuri, tunakuja kuambiwa na mgeni mwingine kwamba alikufa Februari.

Sisemi kwa ubaya. Nimesomesha watoto kwa hela ya wanaorudi.

Chumvi Kali

Hapo kwenye vikombe viwili nimeinuka kwenye kigoda.

Mwalimu wa Raskazone

Mhudumu, sina pa kukupinga, na sitajifanya ninapo. Mei ya Lamu siijui. Nimeambiwa tu: bahari chafu, boti za Mokowe zinapigwa, na samaki anapanda bei hata kwenye mji wa wavuvi.

Nitakueleza tunavyofanya, siyo kama jibu. Mwenye nyumba wetu ndiye aliyelileta hilo mwenyewe miaka iliyopita. Alisema Desemba hela ya kodi inamkuta ana wageni wengine, inaliwa na arusi za watu. Yeye anateseka Juni. Basi tangu hapo nusu ya kodi tunaituma Juni na nusu tunatoa mkononi tukifika. Mwanzoni niliona naingia kwenye mkopo bila dhamana. Mwaka 2020 Kenya ilipofunga mpaka na sisi mwezi Mei, nilishatuma? Sikuwa nimetuma. Akapiga yeye, akasema usitume, hujui kama utakuja. Nikatuma. Tukakubaliana aihesabu mwaka utakaowezekana, na aliihesabu mpaka shilingi ya mwisho, na daftari akanionyesha.

Nauli Nusu, damu sina Lamu. Nina daftari.

Mama Raskazone

Hodi. Mimi ndiye mke wa mleta mada, nimefungua akaunti leo kwa sababu nimeonyeshwa huu uzi na shemeji yangu.

Mume wangu ameandika "hatuna ratiba" na "tunapika wenyewe". Naomba wadau wajue hiyo "tu" ni nani. Yeye akishafika Lamu anavua viatu, anavaa kikoi, anakwenda barazani kujadili bandari. Mimi nikishafika naulizwa na wanawake wa nyumba tatu kama nimekuja na mbuzi yangu ya kukunia nazi au nipewe. Siku ya kwanza ni mbaazi na mahamri kwa huyu, ya pili samaki wa kupaka kwa yule. Kila mtu anatualika, na kualikwa kwa mwanamke Lamu maana yake unafika saa tatu asubuhi, unakuna nazi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nikirudi Tanga nimechoka kuliko nilivyoondoka, nikamwambia mwaka ujao mimi Lushoto, kwenye baridi, kitanda na blanketi. Tulikwenda Lushoto. Pazuri sana. Siku ya pili nilikuwa nimemaliza kulala, nimemaliza kuangalia milima, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na habari ya kunipa ambayo ningeijali.

Kwa hiyo naenda Lamu na nitaendelea. Sababu zangu si zake. Ya kwanza ni watoto. Tanga siwezi kumwachia mtoto wa miaka saba atoke mlangoni jioni, kwa bodaboda na magari. Lamu walikuwa wakipotea tangu saa kumi alasiri na nikiuliza naambiwa wako nyumba fulani wamekula. Kila mwanamke wa mtaa ana ruhusa ya kuwapiga kofi, na wametumia ruhusa hiyo. Sasa na hizo pikipiki alizotaja kaka wa Langoni nimeanza kuchungulia.

Ya pili ni usiku. Baada ya Isha wanawake tunatoka, mabuibui yetu, tunapita vichochoroni nyumba hadi nyumba, tunaangalia hina ya bibi arusi, tunasengenya, tunarudi saa tano bila kusindikizwa na mtu. Nitajieni mahali pengine ambako mama wa watoto watatu anapewa hiyo kwenye likizo.

Huyu dada wa Muscat nimemuelewa sana. Mhudumu, na wewe nimekuelewa, na hilo la kuaga nitalisema nyumbani.

Nauli Nusu

Mama umemaliza uzi. Mwalimu kikoi chako kiko wapi tukione.

Mwalimu wa Raskazone

Naomba moderata afunge akaunti mpya zote za leo.

Dada wa Muscat

Mama Raskazone, tukikutana nina mengi. Unguja pia mimi nakuna nazi na kaka zangu wanakwenda kuvua.

Mpole wa Kahama

Wakuu, mimi sijawahi kuona bahari ya Kenya, nauliza maswali ya kawaida. Moja, usalama kwa sasa ukoje? Mbili, nikitaka hayo Maulidi nijue tarehe vipi? Tatu, kadi ya njano wanaidai?

Mtoto wa Langoni

Ndugu wa Kahama karibu. Kisiwani maisha ni kawaida, watu wanatembea usiku kama alivyosema dada. Matatizo huwa zaidi bara, misitu ya kuelekea mpaka wa Somalia, ndiyo maana unaona ukaguzi njiani. Safiri mchana, fuata maelezo ya askari, uliza hali siku mbili kabla ya kuondoka badala ya kutegemea uzi wa mwaka jana.

Maulidi hesabu Mfungo Mosi ni ule mwezi wa Idi ndogo, uende mpaka Mfungo Sita. Kilele cha Riyadha ni wiki ya mwisho ya mwezi huo. Kwa kalenda ya kizungu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usinunue tiketi kwa tarehe ya mwaka jana. Chumba tafuta mapema sana au uje na mtu wa Tanga mwenye jamaa, atakuingiza.

Mwalimu wa Raskazone

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kuwa nayo, usianze kubishana mpakani. Ukiwa huna pasipoti ulizia uhamiaji mkoani kwako hati ya muda ya Afrika Mashariki. Chenji ya Kenya badilisha kidogo Horohoro ya kukufikisha Mombasa, nyingine Mombasa mjini.

Mhudumu wa Watamu

Na basi la Lamu linapita Malindi. Mwalimu, mwaka huu shukeni nusu siku. Nitapanga nisiwe zamu. Gede kuna magofu yanayowashinda ya Takwa, na mke wangu hatamkunisha mgeni nazi.

Mama Raskazone

Tunashuka.

Nauli Nusu

Sasa naona watu wanapanga mambo yao. Mwalimu, kwa ajili ya utafiti tu, nafasi ya mtu mmoja ipo? Nachangia mafuta, chakula, kila kitu.

Mwalimu wa Raskazone

Ni basi, hakuna mafuta. Tunaondoka Tanga wiki ya pili ya Desemba, shule zikishafunga na ripoti zimesainiwa. Begi moja, pasipoti mfukoni, iliki kilo moja utabeba wewe. Na Pangani usiitaje barazani.

Mama Raskazone

Vyumba vimejaa. Utalala juu ya paa, chandarua njoo nacho.